Kabla hujatoa dola zako kwa tableti Lubumbashi

Mimi ni fundi wa simu na tableti hapa Lubumbashi, meza yangu iko karibu na soko la mtaa wa Kenya. Masomo yakikaribia kuanza, wazazi huniletea tableti walizonunua juzi tu, plastiki bado haijabanduliwa kwenye kioo, wakitaka kujua kwa nini inaganda. Mara nyingi sina cha kutengeneza. Kifaa ni kizima, ila ni kidogo mno kwa kazi waliyokinunulia. Inaniuma, maana dola hizo zimekusanywa kwa jasho, na saa moja ya kukagua dukani ingeziokoa.

Anza na kazi, bei uiulize baadaye. Kwa mwanafunzi wa UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, kazi kubwa ni kusoma silabusi, yaani maandishi ya masomo ya mwalimu, na nyingi ni PDF za kurasa za A4 zilizopigwa picha. Kwenye kioo cha inchi 8 atashinda akisogeza ukurasa kushoto na kulia hadi kichwa kimuume. Mtafutie inchi 10 au zaidi, yenye pikseli 1920 kwa 1200 kama mfuko unaruhusu. Mtoto wa shule ya msingi anayeangalia video za masomo, inchi 8 zinamtosha, na mikono yake inaishika vizuri.

RAM, yaani kumbukumbu ambayo tableti hufanyia kazi, sishauri mtu ashuke chini ya giga 4. Hifadhi isipungue giga 64, kwa sababu mfumo wenyewe huja umeshakula sehemu kubwa. Tableti ya giga 32 ikipokea WhatsApp, silabusi na video chache, inajaa. Ukiona boksi limeandikwa "4+4", RAM halisi ni namba ya kwanza. Ya pili ni kipande cha hifadhi kilichoazimwa, nacho ni kizito sana kikilinganishwa na RAM yenyewe.

Hapo kwenye boksi ndipo watu wengi wanapopotea. Kuna tableti za majina yasiyojulikana zinazojitangaza RAM giga 12, hifadhi giga 512, na bei yake iko chini ya tableti ya kampuni inayojulikana yenye giga 64. Usifikiri ukifungua mipangilio utaona ukweli, maana walioitengeneza wamebadilisha hata maandishi ya humo ndani. Nilimsindikiza mama mmoja, jirani yetu, kununulia mwanawe. Muuzaji akamwambia:

"Mama, hii ni giga mia tano na kumi na mbili. Kwa bei hii huipati pengine."

"Sawa, papa. Basi niruhusu nijaze filamu kwanza."

Tukachomeka flashi iliyojaa filamu, tukanakili zote. Majina yalionekana yote, yamepangana vizuri. Tulipofungua filamu za mwanzo zikacheza. Za mwisho zikakataa, moja baada ya nyingine, kwa sababu hifadhi ya kweli ilikuwa imekwisha zamani na tableti ilikuwa inaandika majina tu. Fanya hivyo hivyo. Beba flashi yenye filamu za kutosha na kile kiunganishi kidogo cha kuichomeka kwenye tableti, nakili giga 40 hivi, kisha ufungue faili za mwisho. Si kazi ya dakika tano, lakini muuzaji mwenye mali safi atakupa kiti. Kipimo kingine cha haraka: ndani ya mipangilio, kwenye "Kuhusu tableti", tafuta tarehe ya sasisho la usalama. Android 14 ilitoka mwaka 2023. Tableti inayosema ina Android 14 huku tarehe yake ya usalama ni ya 2020 inakudanganya, irudishe mezani.

Jambo la laini lina uzito kwetu kuliko wanavyodhani wanaotuandikia ushauri kutoka Ulaya. Nyumba nyingi za Katuba, Ruashi au Kamalondo hazina Wi-Fi; tunaishi kwa kununua mega za intaneti. Tableti isiyo na nafasi ya laini itategemea simu ya baba au mama, na simu hiyo ikienda kazini, masomo yamesimama. Samsung huuza tableti ileile kwa sura mbili zinazofanana kabisa kwa nje, kwa hiyo soma namba ya modeli. Galaxy Tab A9 ikiwa SM-X110 ni ya Wi-Fi tu, SM-X115 inapokea laini. Tab A8 ni X200 na X205, Tab A7 Lite ni T220 na T225. Sifuri mwishoni maana yake hakuna laini. Usitosheke na kuona tundu la kadi pembeni, kwani kwenye zile za Wi-Fi tundu hilo ni la kadi ya kumbukumbu peke yake.

Ukishaipata yenye laini, ingiza laini yako mwenyewe, iwe Vodacom, Airtel au Orange, ufungue ukurasa wa intaneti pale pale. Tableti zilizouzwa na kampuni za simu za Marekani zinaweza kuwa zimefungwa kwa mtandao wa kule, na hapa zitakataa laini yako. iPad ya laini nayo ina shida yake: haina mahali pa kupiga namba, kwa hiyo huwezi kununua mega kwa zile namba za nyota na reli. Itabidi uhamishie laini kwenye simu kwanza, au ununue mega kwa njia nyingine.

Kwa ufupi kuhusu majina: tableti za Amazon Fire haziji na duka la programu la Google. Huawei za baada ya 2019 nazo kwa kawaida hazina huduma za Google. Kama masomo ya mtoto yanahitaji Google Classroom, ziache. iPad Air 2 ya mwaka 2014 bado inapendeza mkononi, lakini mfumo wake uliishia iPadOS 15, na programu zinazidi kuiacha.

Iliyotumika siikatai. Nyingi ni bora kuliko mpya za bei rahisi, ila ukaguzi wake ni mwingine. Kwanza kabisa, mwombe muuzaji aifute yote mbele yako na kuianzisha upya ikiwa imeunganishwa na intaneti. Usiruke hatua ya kuunganisha, hata akikuambia haina haja. Ikidai akaunti ya mwenye nayo wa zamani, au ikionyesha kwamba inasimamiwa na shule au shirika fulani, funga mazungumzo. Mafundi tunaletewa hizo kila mara tuzifungue, na iPad iliyofungwa na akaunti ya mtu mwingine kwangu ni ya kutolewa kioo na betri tu. Huenda pia iliibwa, na huyo mwenye nayo analia mahali.

Halafu ilaze juu ya meza iliyonyooka, kioo juu, ubonyeze pembe moja moja kwa kidole. Ikiyumba, au ukiona kioo kimeinuka kidogo katikati ya ukingo, huenda betri imevimba. Hiyo ni hatari ya moto. Shika alama ya programu yoyote kwa kidole, uiburute taratibu toka juu hadi chini, mstari kwa mstari, kama mtu anayepiga pasi shati. Pale itakapoachia kidole chako yenyewe, kioo kimekufa hapo. Fungua picha nyeupe, mwanga hadi mwisho, uangalie madoa. Chomeka chaja na utikise waya polepole: chaji ikikatika na kurudi, tundu limelegea.

Kabla ya kulipa, pita kwa fundi yeyote, si lazima mimi, umwulize kama kioo na tundu la chaji la modeli hiyo vinapatikana mjini. Za Samsung zinazojulikana hupatikana, au huagizwa. Za majina ya ajabu, kioo kikipasuka ndio mwisho wake.

Umeme wetu unajulikana. SNEL, shirika la umeme, ikikata, chomoa chaja, na umeme ukirudi subiri dakika chache kabla ya kuichomeka, kwani umeme unaporudi kwa kishindo huunguza sehemu ya ndani inayopokea chaji. Kama kuna stabilaiza nyumbani, tumia hiyo. Chagua tableti ya tundu la USB-C, ili hata chaja ya simu au betri ya kubeba iisaidie. Kasha linunue siku hiyo hiyo; vumbi jekundu la kiangazi huingia kwenye spika na kwenye tundu la chaji, nami nalitoa humo kwa sindano kila wiki.

Noti zako zikague nyumbani, maana yenye mchaniko hata wa ukucha itakataliwa na mtaanza kugombana. Kwenye risiti waandike modeli, IMEI, yaani namba ya kifaa yenye tarakimu 15, na siku za garanti. Kama tableti ina sehemu ya kupiga simu, IMEI utaiona ukibonyeza *#06#. Kama haina lakini inapokea laini, iko ndani ya mipangilio. Hakikisha inafanana na ya kwenye boksi.

Siku za garanti usiihifadhi kabatini ukisubiri shule ifunguliwe. Ijaze chaji hadi mwisho, cheza video mpaka izime, uandike saa ilizodumu. Rudia kesho yake. Ikichemka kupita kiasi au ikizima ikiwa bado na asilimia 30, irudishe mapema, na boksi, chaja na risiti vyote mkononi.