SOMO: Kufuga Dalmatian – ukishayapenda madoa, kagua masikio na mkojo

Habari zenu wakuu. Kila nikitoka na mbwa wangu lazima mtu anisimamishe, na swali ni lile lile: "Huyu anapatikana wapi?" Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza anakojoaje. Madoa yale macho yanayazoea ndani ya wiki mbili tu, ila mkojo wake utaufuatilia mpaka siku yake ya mwisho.

Nimefuga wawili. Wa kwanza alikuwa dume, nilimchukua sijui lolote, nikakaribia kumuua kwa maini. Wa pili ni jike, ninaye hadi leo, ana miaka sita. Twende hatua kwa hatua.

HATUA YA 1: Jiulize kama una miguu

Jina lake linatokana na Dalmatia, ukanda wa pwani wa Kroatia kwenye bahari ya Adriatiki. Sifa lakini aliipatia Uingereza, alikokuwa akikimbia sambamba na magari ya farasi, analinda farasi na mizigo. Marekani nako, enzi ambazo magari ya zimamoto yalivutwa na farasi, yeye ndiye aliyekuwa akitangulia kufungua njia.

Sijaleta historia kwa kunogesha. Mnyama aliyezalishwa vizazi na vizazi ili akimbie umbali wa farasi hatulii uani kwa sababu tu umemjengea banda zuri. Dume aliyekomaa hufika sentimita 56 hadi 62 begani, jike hupungua kidogo, na uzito huwa kati ya kilo 20 na 32. Ni mbwa mkubwa, na huishi miaka 11 hadi 13. Anahitaji matembezi ya nguvu asubuhi, mengine jioni, na mahali pa kufunguliwa akimbie atakavyo. Asipopata hayo atachimba, atatafuna viatu, atabweka kutwa, nawe utasema mbwa huyu ana kichaa. Hana kichaa, amejaa nguvu tu.

Ila mtoto usimkimbize. Mpaka apite mwaka na ushee mifupa yake bado inakua, kwa hiyo acha acheze kadiri apendavyo. Kumfunga kamba akufuate kwenye baiskeli, subiri.

HATUA YA 2: Kuchagua mtoto

Dalmatian huzaliwa mweupe. Watu wengi wakiletewa picha ya watoto weupe wanahisi wanapigwa. Madoa huanza kujitokeza kwenye wiki ya pili hivi na huendelea kuongezeka kwa miezi. Ukimlaza chali ukamtazama tumboni, utaona rangi iko hata kwenye ngozi. Madoa ni meusi au ya kahawia iliyoiva, na mbwa mmoja hawi na rangi zote mbili.

Sasa masikio. Weupe ule ule unaompendeza ndio unaomponza. Ndani kabisa ya sikio kuna chembe za rangi zinazosaidia kulisha sehemu inayopokea sauti. Jeni za weupe zikizidi, chembe hizo hazifiki huko, na sehemu ile hufa katika wiki za mwanzo za maisha. Vipimo vilivyofanywa Marekani vilionyesha kwamba katika kila Dalmatian 100, kama 8 ni viziwi wa masikio yote mawili, na wengine kama 22 wanasikia kwa sikio moja. Wenye macho ya bluu wamo hatarini zaidi. Waliozaliwa tayari na baka kubwa la rangi, hasa kichwani, hatari yao ni ndogo, ingawa kwenye maonyesho ya mbwa baka hilo huhesabiwa kasoro. Mimi ningechukua mwenye baka bila kufikiri mara mbili.

Usiridhike na kupiga makofi. Mtoto anahisi upepo wa mikono yako au anakuona, anageuka, nawe unashangilia kwamba anasikia. Msubiri asinzie, simama nyuma yake mbali kidogo, tikisa funguo. Hata hapo utamgundua kiziwi wa masikio yote tu; wa sikio moja atakupita. Kipimo cha uhakika ni BAER, ambacho mbwa huwekewa nyaya ndogo kichwani kusoma kama ubongo unapokea sauti. Hufanywa kuanzia wiki ya tano au ya sita. Kama kwenu kinapatikana, dai majibu ya kila mtoto pamoja na ya wazazi wake.

HATUA YA 3: Mkojo (hapa soma taratibu)

Kwa mbwa wengi asidi ya uriki, ambayo ni taka ya mwilini, huingia kwenye ini, hubadilishwa kuwa alantoini inayoyeyuka kirahisi, kisha hutoka na mkojo. Ini la Dalmatian lina uwezo huo huo. Shida yake ni mlango: jeni iitwayo SLC2A9 ina hitilafu, asidi haiingii kwenye chembe za ini inavyopaswa, na figo nazo zinaiachia imwagike. Hitilafu hiyo ilitambuliwa mwaka 2008, na Dalmatian wa ukoo halisi wote wanayo. Binadamu mwenye asidi hiyo nyingi hupata jongo. Dalmatian hapati jongo, anapata mawe ya urati, yaani vijiwe vya asidi hiyo kwenye njia ya mkojo.

Wangu yalianza hivi. Alfajiri alinyanyua mguu kwenye mti, akasimama. Akasimama sana. Matone matatu. Akahamia mti wa pili, matone mawili. Nikasema huyu dume anaweka mipaka yake, tukaendelea na matembezi. Siku ya tatu aligoma kula, akajikunja pembeni anajilamba, na nilipomgusa tumbo aliguna. Daktari wa mifugo alimpiga eksirei, haikuonyesha kitu, maana mawe ya urati mara nyingi hayaonekani kwenye eksirei ya kawaida. Ultrasaundi ndiyo iliyoyaona. Ikabidi awekewe mpira, mawe yasukumwe kwa maji yarudi kibofuni, kisha apasuliwe. Nilionyeshwa kwenye kisahani: vijiwe vingi kama punje za mtama, vya manjano ya kijani, laini kama vimepigwa msasa.

Daktari akaniuliza, "Anakula nini?" Nikajibu kwa fahari kwamba namjali sana, kila siku anapata maini.

Adui ni purini, ambazo mwilini ndizo zinazogeuka asidi ya uriki. Maini, figo, moyo, dagaa na nyama ya wanyamapori zina purini nyingi, ziondoe kabisa. Mayai na jibini laini zina purini kidogo na zinampa protini nzuri. Ukimpa nyama ya kawaida, ichemshe na mchuzi umwage, kwa kuwa purini nyingi hubaki kwenye yale maji. Usikurupuke ukamnyima protini yote, hasa mtoto anayekua. Chakula maalumu cha purini kidogo kipo pia, ila kiingie kwa ushauri wa daktari.

Halafu maji. Maji safi muda wote, na chakula kikavu kilowekwe. Mtoe akojoe mara nyingi, kwani mkojo uliolala kibofuni usiku kucha ndio unaotengeneza mawe. Mimi humtoa wangu kabla sijalala hata kama amejikunja mkekani ananitazama kwa chuki.

HATUA YA 4: Manyoya na mengineyo

Nywele ni fupi, ngumu kama sindano, zinadondoka mwaka mzima na zinajichoma kwenye kitambaa. Mpitishie brashi ya mpira mara mbili au tatu kwa wiki, nguo nyeusi uziage. Weupe wa ngozi unafanya aungue na jua, hasa puani na tumboni. Chanjo, dawa za minyoo, kupe na viroboto ni kama mbwa wengine, sitarudia.

Kumfundisha: ana akili na ana kumbukumbu ndefu ya ubaya. Ukimpiga mara moja atakukwepa mwezi mzima. Zawadi ndogo ndogo zinamfikisha mbali zaidi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, wangu nikirudi kazini ananikenulia meno yote huku anatikisa mkia. Familia inaogopa. Ni mkali?

Jibu: Anacheka huyo. Dalmatian wengi hukenua wakisalimia, na huwa ni unyenyekevu. Tazama mwili mzima: kama kichwa kimeinama, macho yamelegea na makalio yanayumba, ni furaha. Kama amekakamaa, anakukazia macho na kunguruma, hiyo ni habari nyingine.

Swali: Nina jike. Hayo mambo ya mawe yananihusu?

Jibu: Dada, mkojo wake una asidi ile ile. Nafuu yake ni kwamba mrija wake ni mfupi na mpana, vijiwe vidogo vinapita. Dume mrija ni mwembamba na unapita kwenye mfupa wa uume, hapo ndipo jiwe linapokwama. Chakula na maji ni vile vile kwa wote.

Swali: Nimeambiwa wa kwangu ni kiziwi kabisa, ana miezi minne. Nimrudishe?

Jibu: Kama una subira, mbakishe. Ataelewa ishara za mikono haraka kuliko unavyodhani. Chagua ishara moja kwa kila amri na nyumba nzima muitumie hiyo hiyo. Usiku mwite kwa kuwasha na kuzima tochi. Usimshtue akiwa amelala: kanyaga sakafu ahisi mtetemo, au mpelekee mkono puani anuse kwanza. Na usimfungue kamba mahali penye magari, milele. Asizalishwe pia.

Swali: Kuna mtu ananiuzia Dalmatian, anasema hana shida ya mkojo. Ni tapeli?

Jibu: Si lazima. Mwaka 1973 Robert Schaible, mtaalamu wa jenetiki wa Marekani, alipandisha Dalmatian kwa Pointer (aina ya mbwa wa kuwinda) mara moja, kisha uzao ukarudishwa kwa Dalmatian kizazi baada ya kizazi hadi ukabaki na jeni nzima. Chama cha mbwa cha Marekani, AKC, kilikubali kuwasajili mwaka 2011. Kwa hiyo wapo, ila hutawajua kwa macho. Mwambie akuonyeshe majibu ya kipimo cha jeni. Akianza hadithi, ondoka.

Swali: Jirani ana alopurinoli ya jongo. Naweza kumpa mbwa kama kinga?

Jibu: Hapana. Ni kweli madaktari huitumia, ila ukiitoa huku bado anakula purini nyingi, anatengeneza mawe ya aina nyingine, ya zanthini. Umeruka mkojo ukakanyaga mavi.

Swali: Mkuu, wangu dume wa miaka minne tangu jana anachuchumaa kila mahali, matone tu. Nisubiri Jumatatu?

Jibu: Usisubiri hata kesho. Kibofu kikifunga kabisa, sumu hurudi kwenye damu na kinaweza kupasuka. Nenda sasa hivi, na ukifika sema mapema kwamba ni Dalmatian, waangalie kwa ultrasaundi.

Mrejesho wa muulizaji: Tumerudi usiku huu. Jiwe lilikuwa moja tu, limekwama karibu kabisa na mfupa. Amewekewa mpira, amelala. Maini niliyokuwa nimemgandishia nimeshayatoa kwenye friza.