Tume ya wananchi ya kupima kazi za komini: namna tunavyoifanya Lubumbashi

Ndugu wengi wa Katuba, Kenya na Ruashi, komini (sehemu za utawala za mji) za hapa Lubumbashi, Kongo, wameniuliza namna ya kuanzisha tume ya raia inayoangalia kama biro za komini zinahudumia watu inavyopaswa. Nimefanya kazi hiyo miaka kadhaa. Hii ndiyo njia tunayoifuata, pamoja na mahali tulipoteleza.

Hatua ya 1: Shikeni biro moja tu

Mwanzoni sisi tulishika zote: usafi, soko, ushuru, eta sivile (biro ya kuandikisha vizazi, ndoa na vifo). Baada ya miezi miwili tulikuwa na lundo la malalamiko, lakini hatukuwa na kitu cha kuweka mbele ya bugumesta, mkuu wa komini. Chagueni biro moja ambayo sheria yenyewe imeiwekea kipimo. Eta sivile inafaa sana. Sheria ya Familia inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, na ndani ya siku hizo ni bure. Zikipita, mzazi anapaswa kwanza kutafuta hukumu mahakamani. Kila siku mama anapoambiwa "rudi kesho", anasogezwa karibu na gharama hiyo.

Hatua ya 2: Watu saba au tisa

Mama wa sokoni, mwalimu, fundi, kijana mwepesi wa hesabu, na mtu mwenye ulemavu, maana yeye ataona ngazi ambazo ninyi mnazipita bila kuziona. Mtu anayejiandaa kugombea kiti asiwemo. Tangu washauri wa komini walipochaguliwa Desemba 2023, kila kazi ya raia inashukiwa kuwa kampeni, na shaka hiyo ikishaingia haitoki.

Hatua ya 3: Barua yenye muhuri

Tegemeeni Ibara ya 27 ya Katiba ya 2006: kila Mkongomani anaweza, peke yake au pamoja na wenzake, kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, nayo inapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Ibara hiyo hiyo inakataza mtu kushtakiwa kwa sababu ya ombi hilo. Pelekeni nakala mbili, moja irudi na muhuri wa mapokezi na tarehe. Andikeni kwamba mnaomba kukaa mahali pa kungojea ili kupima muda wa huduma. Tuliwahi kuandika "kuchunguza wafanyakazi" na mlango ukafungwa siku hiyo hiyo. Mjulisheni pia shefu wa kartye (mkuu wa mtaa).

Hatua ya 4: Kaye (daftari) na saa

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kaeni wawili wawili, tangu mlango unapofunguliwa mpaka unapofungwa, siku 10 za kazi. Chora safu sita kwenye kaye: saa ya kufika, saa ya kuitwa, saa ya kutoka, amekuja mara ya ngapi, jumla ya pesa iliyomtoka, amepata risiti au hapana. Majina msiandike, namba inatosha.

Mwulize mtu anapotoka. Akiwa bado kwenye foleni anaogopa kupoteza zamu yake. Ukimwuliza kama ametoa matabishi (hongo ndogo), atakana. Mwulize franga ngapi zimemtoka tangu asubuhi, atakuhesabia mwenyewe: teksi, fotokopi, na "ya sukari", ndiyo matabishi yenyewe.

Namkumbuka mama mmoja, mtoto mgongoni, karatasi ya materniti (hospitali ya uzazi) ameifunga kwenye fundo la kitenge. Alikuwa amekuja mara ya tatu. Alifika saa mbili na dakika kumi asubuhi, akatoka saa nane. Karani alimwandika kwa dakika 12 tu. Muda mwingine wote faili lilikuwa juu ya meza likingoja sahihi, kwa sababu afisa wa eta sivile ni bugumesta mwenyewe, na siku ile alikuwa mkutanoni. Mpaka saa ile sisi sote tulikuwa tunamlaumu karani.

Mkimaliza siku 10, msitegemee wastani peke yake. Tuseme watu watano wamengoja dakika 15, 20, 25, 30 na 240. Wastani ni 66, na hakuna hata mmoja aliyengoja hivyo. Pangeni namba kutoka ndogo hadi kubwa, mchukue ya katikati: 25. Kisha itajeni ile ya 240 peke yake na mseme ilisababishwa na nini.

Hatua ya 5: Ulizeni kwa nini

Kaeni na makarani kwa heshima, "Papa" na "Mama" kama kawaida yetu. Je, wangapi hapo wako kwenye orodha ya mishahara? Wengine wanafanya kazi wakingoja kuingizwa, na anayengoja hivyo ataomba ya sukari. Rejista zipo au zimekwisha? Umeme ukikatika wanafanyaje? Ulizeni pia komini imepokea nini: sheria ya Oktoba 2008 inazipa entite zilizogatuliwa (ngazi za chini zenye madaraka yao, kama komini) haki ya asilimia 40 ya sehemu ya mapato ya taifa inayopewa mkoa.

Hatua ya 6: Wasomeeni wao kwanza

Kosa letu kubwa lilikuwa hapa. Katika komini moja tulisoma matokeo redioni kabla ya wahusika kuyaona. Karani aliyetusaidia zaidi ndiye aliyehamishwa. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Sasa tunapeleka kurasa mbili tu, tunawapa wiki mbili wasahihishe, na majibu yao tunayaweka ndani ya ripoti kama walivyoyasema.

Hatua ya 7: Ombi moja linalopimika

Msiombe "huduma bora". Ombeni, kwa mfano, sahihi zitiwe saa nne na saa nane kila siku ya kazi, na bei zibandikwe mlangoni pamoja na neno BURE kwa mtoto wa chini ya siku 90. Kusanyeni sahihi za wakaaji, mpate muhuri, mhesabu miezi 3. Siku ya mwisho rudini kwenye benchi lile lile, na kaye yenye safu zile zile sita.