Kabla hujamtafuta wakili wa ajali, na kabla hujasaini chochote

PF3 kwanza, ile fomu ya polisi ya kutibiwa majeruhi. Haiuzwi, na kama umepelekwa hospitali hujitambui, ndugu aifuate kituoni siku hiyohiyo. Piga picha magari kabla hayajasogezwa, namba zake, na uchukue taarifa za bima ya mwenzako. Jina la askari aliyepima ajali liandike. Hayo kila mtu anayajua, ila siku yenyewe mikono hutetemeka na hakuna anayeyafanya.

Sasa wakili. Kama ni bampa tu limebonyea, hakuna aliyeumia na una bima kubwa, achana naye. Hela yake itakula ya fundi. Peleka madai, na bima wakikuzungusha nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Lakini mfupa ukivunjika, mtu akifariki, au dereva akianza kubadilisha maneno kituoni, mtafute mapema. Ukigongwa na gari la serikali ndiyo usilale kabisa: notisi ya siku 90 lazima itangulie kabla ya kesi kufunguliwa, na dai lenyewe lina ukomo wa miaka 3. Ukiwa kitandani miaka 3 huonekana mingi.

Mimi nilijiona mjanja. Nilikuwa abiria kwenye daladala iliyoacha njia, nikavunjika mguu chini ya goti. Wiki ya sita, bado niko kwenye magongo, akaja nyumbani kijana mpole wa kampuni ya bima na ahadi ya hundi ya shilingi 2,500,000. Kodi ilikuwa imefika na friji tulishaiuza. Akanipa karatasi mbili za Kiingereza. "Ni za kuonyesha umepokea tu, kaka." Nikasaini, tena nikamshukuru na kumnunulia soda. Mwezi wa tano mfupa ukagoma kuunga, daktari akasema niwekewe vyuma upya. Nikarudi kwa bima, nikaonyeshwa mstari: nimekubali kwamba hayo ni malipo ya mwisho na sitadai tena. Ndipo nikaenda kwa wakili. Mama yule alisoma dakika mbili, akavua miwani. "Ungeniletea kabla, mwanangu, ningekutoza elfu hamsini ya kusoma." Vyuma nililipia kwa kiwanja changu cha Chanika.

Hilo ndilo sikulijua: si lazima umkabidhi wakili kesi nzima. Unaweza kumlipa asome karatasi moja. Na kabla daktari hajasema umepona, au hajaandika ulemavu utakaobaki nao, hakuna anayejua dai lako ni shilingi ngapi, hata huyo kijana wa soda.

Anayejiita wakili akakufuata wodini na kadi mfukoni mtilie shaka, vishoka ni wengi. Tafuta jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kabla hujampa hata nauli. Ada yake iandikwe, na iandikwe pia nani analipia gharama za mahakama mkishindwa. Mpe nakala, karatasi halisi zibaki kwako. Kesi ya trafiki ya dereva ifuatilie, maana hukumu yake utaihitaji. Kama aliyeumia amefariki, familia ianze na msimamizi wa mirathi. Na "tumalizane hapahapa" za barabarani usizikubali ukiwa bado unatetemeka. Na basi la usiku, kabla hujapanda, zungukia nyuma uangalie tairi.