Namna ya kuuchambua ugomvi wa nchi washirika: Suez, 1956

Akiulizwa kuhusu Vita Baridi, mwanafunzi huchora mstari katikati ya karatasi: Marekani na wenzake huku, Umoja wa Kisovieti na wenzake kule. Mchoro huo hauelezi kwa nini mwaka 1956 Marekani iliibana Uingereza, rafiki yake wa karibu, mpaka ikaondoka kwenye Mfereji wa Suez, nchini Misri. Kwa insha ya kidato cha sita au mdahalo, piga safu nne: tarehe, nani kafanya nini, nani aliarifiwa mapema, nani alilipia.

Anza na mkataba, hotuba baadaye. Mkataba wa NATO, muungano wa kijeshi wa Marekani na washirika wake, ulitiwa saini na nchi 12 tarehe 4 Aprili 1949. Wengi huishia Kifungu cha 5, kwamba kumshambulia mmoja ni kuwashambulia wote. Endelea hadi cha 6, kinachotaja eneo linalohusika. Algeria, iliyohesabiwa wakati huo kuwa sehemu ya Ufaransa, imo, Misri haimo. Kwa hiyo Marekani haikuvunja ahadi yoyote ilipokataa kuziunga mkono Uingereza na Ufaransa huko Misri.

Jaza tarehe, siku kwa siku. Tarehe 26 Julai Nasser, rais wa Misri, alitaifisha kampuni ya mfereji. Tarehe 24 Oktoba Uingereza, Ufaransa na Israel zilikubaliana kwa siri huko Sèvres, karibu na Paris. Israel iliingia Sinai, upande wa mashariki wa Misri, tarehe 29. Kesho yake Uingereza na Ufaransa zilipiga kura ya turufu kulizuia azimio la Marekani katika Baraza la Usalama, jambo ambalo peke yake linatosha kuuharibu ule mstari wa katikati. Tarehe 4 Novemba vifaru vya Kisovieti vilishambulia Budapest, mji mkuu wa Hungaria. Tarehe 5 askari wa miavuli wa Uingereza na Ufaransa walitua Port Said, mlangoni mwa mfereji; tarehe 6 wengine wakafika kwa meli, na usiku wa manane mapigano yakasitishwa. Siku hiyohiyo Wamarekani walikuwa wakipiga kura ya urais.

Sasa tazama safu ya tatu mbele ya Sèvres: Eisenhower, rais wa Marekani, hakuarifiwa. Hasira yake ilitokana na kufichwa jambo na wenzake kama ilivyotokana na vita vyenyewe, tena wakati ambapo alitaka dunia nzima iitazame Hungaria.

Fuata fedha na mafuta. Hapa ndipo insha nyingi huanguka, kwa kuandika kwamba vitisho vya makombora vya Bulganin, waziri mkuu wa Kisovieti, vya tarehe 5 Novemba ndivyo vilivyomaliza mambo. Angalia safu ya nne. Thamani ya pauni ilishikiliwa kwenye dola 2.80, na akiba ya Uingereza ya fedha za kigeni ilikuwa ikiyeyuka. Ilihitaji mkono wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), na Marekani iliufunga mlango huo. Misri ilikuwa imezamisha meli mferejini, bomba la mafuta lililopita Syria lilikuwa limelipuliwa, na Saudi Arabia iliwanyima Waingereza na Wafaransa mafuta. Uingereza ilipotangaza kuondoka, mwezi Desemba, IMF iliidhinisha jumla ya dola milioni 1,300: milioni 561 za kuchukua papo hapo na milioni 739 za kuchukuliwa baadaye zikihitajika. Majeshi yalimaliza kuondoka tarehe 22. Ufaransa haikubanwa hivyo. Ilikuwa imejiwekea nafasi yake IMF mapema, mwezi Oktoba.

Tafuta kilichobaki kizima. Eden, waziri mkuu wa Uingereza, alijiuzulu Januari 1957. Machi, mrithi wake Macmillan alikutana na Eisenhower huko Bermuda, na tarehe 3 Julai 1958 nchi hizo mbili zikasaini mkataba wa ushirikiano wa nyuklia. Ufaransa ilijifunza kinyume chake: usitegemee mtu. Ikalipua bomu lake la kwanza la nyuklia tarehe 13 Februari 1960, na mwaka 1966 ikatoka katika kamandi ya pamoja ya kijeshi ya NATO. Usiandike kwamba ilijitoa NATO. Ilibaki mwanachama, ingawa makao makuu ya NATO yalihama Paris kwenda Brussels, na ilirejea katika kamandi mwaka 2009.

Karatasi hiyohiyo inafaa pia kwa kambi ya pili, ya Kisovieti. Chukua mkataba wa Wasovieti na China wa tarehe 14 Februari 1950, kisha katika safu ya nne uandike wataalamu ambao Moscow iliwaondoa China mwaka 1960, wakaacha viwanda nusunusu.