Kabla ya Kuwapeleka Wanafunzi wa Udaktari Kliniki ya Chanjo

Maandalizi huanza mapema kuliko walimu wengi tunavyodhani, kwa sababu mwanafunzi atakayeshika sindano anapaswa kwanza kukingwa yeye mwenyewe dhidi ya homa ya ini B, na dozi tatu za mtu mzima hutolewa siku ya kwanza, baada ya mwezi mmoja na baada ya miezi sita. Anayelikumbuka jambo hili wiki moja kabla ya mafunzo ya vitendo amekwisha kuchelewa. Ni kweli kwamba chanjo hiyo iliingia katika ratiba ya watoto nchini Tanzania mwaka 2002, hivyo baadhi ya wanafunzi wa sasa waliipata uchangani. Lakini kadi zao za kliniki nyingi zimepotea, na kauli ya "mama aliniambia nilichanjwa" si kumbukumbu ya kutegemea.

Ratiba yenyewe wanaweza kuikariri kwa jioni moja: chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio anapozaliwa mtoto, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu surua na rubela katika miezi 9 na 18. Kinachowashinda ni mtoto aliyeikosa. Wapeni kadi za mfano zenye mapengo, kwa mfano ya mtoto wa miezi mitano aliyepata dozi moja tu ya chanjo ya pamoja ya dondakoo, pepopunda na kifaduro, ili wajue kwamba huendelezwa pale alipoishia wala hatuanzi upya.

Kuhusu utunzaji, joto la Dar es Salaam limetufundisha kuogopa upande mmoja tu. Friji ya chanjo hutakiwa kuwa kati ya nyuzi 2 na 8, na kila mtu huhofia kukatika kwa umeme, ilhali chanjo zenye chumvi ya alumini, ikiwemo ya homa ya ini B, huharibiwa na kuganda. Kiashiria cha joto kilicho kwenye kichupa hakiwezi kuonyesha uharibifu huo. Kwa hiyo wanafunzi wafanye jaribio la kutikisa wakiwa bado chuoni, wakilinganisha kichupa kilichogandishwa kwa makusudi na kizima cha toleo lilelile: kilichoganda hutuama haraka zaidi. Wajifunze pia kwamba vifurushi vya barafu haviwekwi katika kibebeo mara tu vinapotoka kwenye friza, bali husubiriwa hadi maji yasikike yakicheza ndani.

Jambo ninalolipa uzito kuliko yote ni lugha. Udaktari wameusoma kwa Kiingereza, na akina mama wa Mbagala au Tandale watawauliza kwa Kiswahili kwa nini mtoto anapata homa baada ya kuchomwa, kama kidonda cha begani cha chanjo ya kifua kikuu kipakwe dawa, na kama chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi inafunga uzazi. Niliwahi kumwona mwanafunzi hodari wa darasani akijibu swali la homa kwa istilahi tupu, mpaka mama akamgeukia nesi na kuuliza, "Dada, anasemaje?" Tangu hapo kila kundi langu huigiza mazungumzo hayo kwanza, na hakuna anayevuka zamu yake kabla ya kueleza homa, kidonda na uvumi kwa maneno ya nyumbani, bila kumkaripia anayeuliza.

Sindano zilizotumika hazirudishiwi kifuniko, huingia moja kwa moja katika sanduku la usalama. Adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali baada ya chanjo, ikaguliwe tarehe, na hesabu ya dozi ipigwe mapema: mtoto wa kilo 5 huhitaji mililita 0.05 ya ile yenye ukali wa 1 kwa 1,000, ndani ya msuli wa paja.

Kubalianeni na muuguzi kiongozi idadi ya wanafunzi. Watano wanatosha, kwani chumba hujaa. Kundi linalotoka Upanga kwenda Mbagala liondoke kabla ya foleni ya asubuhi, ili liwahi kusoma kipimajoto cha friji pamoja na muuguzi kabla mlango haujafunguliwa mara nyingi.