Uchovu usioisha: namna ya kurudisha nguvu polepole kwa mutu anayeishi kwenye milima ya Bukavu

Naandika hii juu nimesindikiza mama mmoja wa hapa Kadutu, muuza vitenge, alikuwa amechoka zaidi ya mwaka na kila mutu alikuwa anamuletea dawa yake, huyu anasema aende kuwekwa seromu, huyu vitamini za sindano, mwingine ati ni karuho (sumu yenye watu wanasema umetegewa) aende kwa mutu wa majani. Mimi ni infirmiye na uchovu wa namna hii nauona sana, wagonjwa wanazunguka nao farmasi kwa farmasi mpaka feza inaisha. Njia tuliyofuata na yule mama naiweka hapa, uibadilishe kulingana na nyumba yako.

Hatua ya 1: labo kwanza

Usianze kujipangia repo mbele ya kujua damu yako ikoje. Omba wapime hemoglobini, malaria, sukari, VIH, na kama unakohoa zaidi ya wiki 2, makohozi kwa ajili ya TB. Mwanamuke apime mimba, na aseme wazi kama hedhi inatoka nyingi, juu anemi mingi inaanzia hapo. Shingo imevimba mbele, unasikia baridi wakati wenzako wanatoka jasho? Omba wapime na tiroide. Kupungua kilo, jasho la usiku, miguu kuvimba, kukosa pumzi ukilala chali, hayo hayangoje mwongozo wowote, nenda lopitali leo leo.

Na tifoide, tafazali. Hapa kwetu mutu akisema tu amechoka anafanyiwa Widal (kipimo cha damu cha kutafuta tifoide), inatoka pozitifu, anakunywa antibiotike, kisha mwezi unaofuata anarudia. Widal inaweza kutoka pozitifu kwa mutu aliyepona zamani, aliyechanjwa, ao mwenye ugonjwa mwingine kabisa. Kama ulishatibiwa tifoide mara kwa mara, hauna homa, na bado umechoka, mwambie munganga atafute kitu kingine.

Hatua ya 2: jua uchovu wako ni wa aina gani

Kuko uchovu wa mutu anayetoka kwa malaria kali, kwa anemi, kwa kuzaa. Huyo akitembea kidogo leo, kesho anasikia afazali. Mwache atembee, aongeze kila siku, atapona.

Kuko na ule mwingine. Unafanya kazi, siku hiyo unasikia uko sawa, kisha kesho yake ao kesho kutwa yote inakuangukia: koo inauma, kichwa kizito, viungo vinauma kama una homa, maneno yanapotea mudomoni, unalala usiku muzima na unaamuka kama haukulala. Mara nyingi inakuja kati ya saa 12 na saa 48 kisha kazi. Ikipita miezi 6 hivyo, na labo haikuonyesha sababu, muulize munganga juu ya ugonjwa wa uchovu sugu. Ni ugonjwa wa kweli, unaweza kuanza kisha virusi, na wengi wameupata kisha Covid. Mwaka 2015 kamati ya madaktari wa Marekani iliweka kule kuanguka kisha kazi kati ya dalili kubwa za kuutambua, na mwaka 2021 NICE, shirika la Uingereza linalotoa miongozo ya matibabu, iliondoa ushauri wa zamani wa kuwaongezea wagonjwa hawa mazoezi kwa ratiba. Kwa hiyo mutu akikuambia "fanya sporti tu, ni uvivu", muulize kwanza anaongelea uchovu gani.

Hatua zinazofuata ni za aina hii ya pili.

Hatua ya 3: kutafuta kikomo chako

Hapa njo penye kazi yote, na njo mahali watu wanaachia njiani, soma polepole.

Nunua kaye ya shule na biki. Usitumie programu ya telefone, najua ziko na ni nzuri, lakini kurant inakatika siku mbili, telefone inazima, na unapoteza zile siku zenye ulikuwa unazihitaji zaidi. Tena ukiwa na kichwa kizito mwanga wa telefone unakuchosha. Kaye inakaa pembeni ya kitanda, basi.

Kila siku andika mistari mitatu tu. Asubui: namna umeamuka, kwa namba 0 mpaka 10. Muchana: kazi ulizofanya, na muda. Usiku: namna unasikia, tena 0 mpaka 10. Fanya hivyo wiki 2 bila kubadilisha kitu. Kisha tafuta siku mbaya zote, zizungushie, na usiangalie ile siku yenyewe, angalia JUZI yake. Yule mama alikuwa anasema siku yake mbaya ni Jumatatu juu ya wateja. Tulipofungua kaye, kila Jumatatu mbaya ilikuwa na Jumamosi ya kufua nguo za nyumba yote na kupandisha maji. Jumatatu haikuwa na kosa. Bila kaye hauwezi kuona hiyo, juu siku ya kufua yeye alikuwa anaimba.

Ukishapata kazi zinazokuangusha, chukua kiasi ulichofanya kwenye siku mbaya yenyewe bila kuzidisha ubaya, hicho njo kikomo chako cha sasa. Kitakuwa kidogo, kidogo cha kukasirisha. Utataka kuchukua siku nzuri kama kipimo, usifanye hivyo, juu nguvu unayoichukua siku nzuri ni ya banki lamberi (mukopo wa riba kubwa), unairudisha mara mbili. Siku nzuri unafanya sawasawa na siku mbaya. Hii njo ngumu kuliko yote, sana sana kwa mama mwenye watoto, ameamuka anasikia mwili mwepesi na anaona nyumba yote inamungoja.

Sasa mapigo ya moyo. Mimi napenda kipimo hiki juu hakidanganyi kama akili inavyodanganya. Asubui mbele ya kutoka kitandani, weka vidole viwili (si kidole gumba, kiko na mapigo yake) kwenye mukono chini ya kidole gumba, hesabu dakika 1 nzima kwa saa ya telefone. Fanya hivyo wiki moja, chukua namba ya katikati, ongeza 15. Ukipata 72, dari yako ni 87. Ukiwa na kazi simama, hesabu sekunde 30, zidisha kwa 2. Imepita dari? Kaa chini mpaka ishuke, kisha endelea. Wengi wenye ugonjwa huu wanatumia hiyo 15, ni mwanzo tu, si sheria ya lopitali, kaye yako njo itakuambia kama inakufaa. Na angalisho: kuko dawa za tansio ao za moyo zinazopunguza mapigo, ukinywa hizo namba haitakusaidia, fuata kaye peke yake. Ukiwa na homa pia usihesabu, wala mara tu kisha kahawa.

Utashangaa ukipima kwenye mulima. Mutu wa Goma anaweza kutembea sehemu mingi kwenye tambarare, sisi hapa kutoka sokoni Kadutu kurudi nyumbani ni kupanda, na vile viudongo vya njia wakati wa mvua vinakaza miguu. Panda kwa vipande: hatua chache, simama ukiegemea ukuta, mapigo yashuke, tena hatua. Kama uko na feza ya motari, feza hiyo itumie kwa kupanda, kushuka utashuka kwa miguu.

Hatua ya 4: kitabure na bidon

Kila kazi unayofanya wima, ifanye umekaa. Kukata sombe, kuosha vyombo, kunawa, kupiga pasi, hata kuuza. Kuko wagonjwa ambao kusimama tu kunapandisha mapigo yao 30 na zaidi ndani ya dakika 10, na wanazani wamechoka na kazi, kumbe ni kusimama. Ukiona hivyo mwambie munganga.

Bidon ya litre 20 ni kilo 20. Acha kabisa. Nunua ya litre 5, ao mupe kijana wa karitie kitu kidogo apandishe. Ukiongea na wa nyumbani usiseme "nimechoka", hiyo hawaisikii tena. Sema: "Nitapika, lakini sitafua. Nani anafua?"

Hatua ya 5: kula na kulala

Sambaza, maharagi, lengalenga, na ndimu ao chungwa juu yake, chuma inaingia vizuri mwilini. Chai na kahawa visiende pamoja na chakula, ngoja saa 1. Kahawa isipite muchana. Lala na amuka saa ileile. Seromu haitibu ugonjwa huu, hiyo feza nunua chakula.

Hatua ya 6: kuongeza

Ukipitisha wiki 2 mpaka 3 bila kuanguka, ongeza kitu kimoja, kidogo: dakika 2 za kutembea, ao nguo tatu za kufua. Kimoja tu, juu ukiongeza viwili hautajua nani alikuangusha. Ngoja siku 3 mbele ya kusema imekubali. Ikiwa haikukubali, rudi nyuma bila kubishana na kaye. Usiongeze ati juu mwezi umeisha, ongeza juu mwili umetulia. Wengine wanarudi karibu na kazi yao ya zamani, wengine wanafika mahali na kusimama hapo miezi mingi, na hawana kosa lolote.

Ukipata malaria ao mafua katikati, tibu hiyo malaria, shusha kazi kwa nusu, na ukipona usirudi kwenye kiasi cha mbele ya ugonjwa. Anza tena na siku 3 za kaye, pima mapigo ya asubui upya, juu dari inaweza kuwa imebadilika.