Ukipiga picha ya mafuriko ya ziwa, rudi palepale

Wakazi wa Dunga na Nyando kando ya Ziwa Victoria, na nyinyi mnaopakana na Ziwa Nakuru: picha moja ya nyumba iliyozama inahuzunisha, lakini haipimi chochote. Inayopima ni ya pili, iliyopigwa kutoka palepale. Chagua kitu kisichohama, kama nguzo ya stima, kona ya ukuta au mti mkubwa, na kiwe ndani ya picha kila mara. Weka alama ya rangi mahali unaposimama. Laza simu upande, ishike kwenye kimo cha kifua, wala usivute picha karibu.

Saa nayo ni muhimu sana. Pwani maji hujaa na kupwa kila siku. Bila saa, picha ya Mombasa haisemi kama bahari imepanda kweli au ni maji kujaa tu. Ziwani hatuna kujaa na kupwa kwa kutajika, lakini upepo wa alasiri husukuma mawimbi ufukweni, kwa hiyo piga asubuhi maji yakiwa yametulia. Na piga hata kiangazi! Ziwa Victoria lilivunja rekodi yake ya kimo cha maji ya 1964 mwezi Mei 2020, likaivunja tena Mei 2024. Kushuka kwake katikati ni sehemu ya habari.

Kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa, ikapoteza tarehe na mahali ilipopigwa.

Nyumba ya mtu, omba ruhusa kwanza. Na kwenye matete, angalia viboko kabla hujakaribia.